Kebo ya hedifoni imekatika: namna ya kuchagua mpya kabla ya kuwasha chuma cha kulehemu

Hedifoni nzuri mara nyingi haiharibiki spika. Huanza upande mmoja kukatakata; ukiikunja kebo karibu na jeki sauti inarudi, na baada ya muda hairudi tena. Inaishia kwenye droo, ilhali spika zote mbili ni nzima na kilichokatika ni nyuzi chache za shaba. Kuifufua ni kazi ya jioni moja kwa mtu anayejua kulehemu. Panapoharibika zaidi ni dukani, siku ya kununua kebo.

Wauzaji hupenda kuanza na habari za fedha na shaba isiyo na oksijeni. Naomba tuanze kwingine. Kebo ya hedifoni hufa kwa kukunjwa, kwa hiyo ichague kwanza kwa namna inavyokunjika. Kisha hesabu nyaya zake, kisha pima tundu itakamopita. Madini yaje nyuma ya hayo yote.

Mfano wetu utakuwa Sony MDR-7506, ambayo imekuwa sokoni tangu 1991 na utaikuta kwenye vyumba vingi vya redio na studio za muziki. Kebo yake ni ile iliyojikunja kama springi, na imelehemewa moja kwa moja ndani ya kikombe cha kushoto. Beyerdynamic DT 770 Pro nayo kebo yake ya kawaida imelehemewa ndani, upande mmoja. Kama yako ni ya kuchomoa, mathalani Sennheiser HD 600, AKG K240 Studio au Audio-Technica ATH-M50x, usifungue vikombe. Tafuta kebo yenye kichwa kinacholingana na tundu lake. Angalia tu kwamba ATH-M50x hutumia jeki ya milimita 2.5 yenye kufuli ya kuzungusha, K240 Studio ina kichwa kidogo cha pini tatu, na HD 600 ina vichwa viwili vya pini mbilimbili, kila sikio na chake.

Humu nikisema kebo namaanisha kitu kizima na ganda lake la nje. Nikisema waya namaanisha kila mmoja wa zile za ndani.

Hatua ya 1: Hakikisha ni kebo kweli

Weka mita ya kupimia umeme (multimita) kwenye kipimo cha omu 200; omu hupima ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia umeme. Jeki ya kawaida ya hedifoni ina sehemu tatu: ncha ni kushoto, pete ya katikati ni kulia, na shina ni hasi ya pande zote mbili. Pima ncha na shina, kisha pete na shina. MDR-7506 imeandikwa omu 63, hivyo tarajia namba ya karibu na hiyo. Usijali ikitofautiana kidogo, la msingi ni pande mbili zilingane. Ukigusisha mita utasikia mkwaruzo mdogo kwenye spika, na huo ni uthibitisho kwamba spika iko hai.

Ukikuta ncha na shina hazisomi chochote, pete na shina vilevile, lakini ncha na pete zinasoma kama omu 120, waya wa hasi ndio uliokatika. Hapo umeme unapita spika ya kushoto na kurudi kupitia ya kulia, nawe unasikia tofauti tu ya pande mbili. Ndiyo maana katika hali hiyo sauti ya mwimbaji, ambayo kwa kawaida hurekodiwa katikati, hupotea na kuacha mwangwi na vyombo vya pembeni. Watu wengi hudhani spika zimeungua. Hazijaungua.

Sasa acha mita imeshikana na jeki, uikunje kebo sentimita chache chache kuanzia kwenye jeki hadi kwenye kikombe. Namba ikiruka mahali fulani, umepata jeraha. Likiwa ndani ya sentimita tano kutoka kwenye jeki, kata kipande hicho, funga jeki mpya, na kebo ya zamani iendelee kufanya kazi. Sioni sababu ya kubadilisha mita tatu kwa ajili ya sentimita tano.

Hatua ya 2: Fungua, piga picha, pima

Vua mto wa sikio la kushoto, toa skrubu, inua kikombe taratibu. Piga picha kabla ya kugusa chochote. Rangi za nyaya ndani hazina sheria moja duniani: nyekundu mara nyingi ni kulia, kijani au buluu kushoto, ya rangi ya shaba hasi, lakini usiamini rangi, fuata kila waya kwa mita kutoka jeki hadi pointi ulipolehemewa na uandike.

Katika hedifoni za kebo upande mmoja kuna nyaya nyingine nyembamba zinazovuka utepe wa kichwani kwenda kikombe cha pili. Ziangalie pia. Kama hizo ndizo zilizokatika, pale chuma kinapojikunjia, kebo mpya ya nje haitakusaidia kitu.

Kisha chukua vipimo vitatu na uende navyo dukani: unene wa kebo ya zamani, upana wa tundu la kikombe, na urefu unaoutaka. Kalipa ni bora, rula inatosha.

Hatua ya 3: Nyaya tatu au nne?

Hedifoni nyingi zinakuja na nyaya tatu: kushoto, kulia, na hasi moja ya pamoja. Inafanya kazi. Tatizo ni kwamba huo waya wa pamoja una ukinzani, na umeme wa upande mmoja ukipita humo huacha kivolti kidogo ambacho upande wa pili unakisikia. Chukua mita tatu za waya wa AWG 28 (AWG ni kipimo cha unene wa waya, tutakieleza kwenye Hatua ya 4): ukinzani wake ni kama omu 0.64. Kwa spika ya omu 63, kiasi cha asilimia 1 ya upande mmoja huvujia upande wa pili. Kwa ya omu 32, asilimia 2. Kwa hedifoni ya omu 300 ni jambo la kusahau.

Kwa hiyo ushauri wangu ni nyaya nne, hasi mbili zikitembea kila moja peke yake na kukutana kwenye shina la jeki tu. Bei haiongezeki kwa kiasi cha kuumiza, na siku ukipata kipaza (amplifaya) cha kisasa chenye njia nne zilizotenganishwa utabadilisha jeki peke yake.

Vipi kuhusu kebo ya maiki, ile yenye nyaya mbili na wavu wa shaba uliozizunguka? Ndiyo rahisi zaidi kupata Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, inauzwa kwa mita, na umeme wake unakubali: nyaya mbili ziwe kushoto na kulia, wavu uwe hasi. Ila nyingi zina unene wa milimita 6, ni ngumu, na zimetengenezwa kulala jukwaani, si kuning'inia kwenye sikio. Kebo nyembamba ya maiki yenye nyaya nne ni kitu kingine. Mogami W2893 ya Japani, kwa mfano, ina nyaya nne za AWG 26 ndani ya unene wa milimita 4.8, na watu wengi wanaojitengenezea kebo huipenda. Wavu wake huuhitaji. Hedifoni ina ukinzani mdogo na sauti yenye nguvu, haivuti kelele kama maiki. Ukate wavu pande zote mbili, au uushike na shina la jeki tu. Ndani ya kikombe wavu huo usiguse kitu chochote.

Kama hedifoni yako ina maiki ya simu, hesabu inabadilika: unahitaji jeki ya sehemu nne. Kwenye simu nyingi za sasa mpangilio ni ncha kushoto, pete ya kwanza kulia, pete ya pili hasi, shina maiki. Baadhi ya simu za zamani zilibadilishana hizo mbili za mwisho, kwa hiyo pima ile ya zamani kabla ya kuitupa.

Hatua ya 4: Unene wa waya

AWG ni kipimo cha Marekani ambacho namba ikipanda waya unakuwa mwembamba. AWG 24 ni takriban milimita mraba 0.2, AWG 26 ni 0.13, AWG 28 ni 0.08, na AWG 30 ni 0.05. Kwa kilomita moja ya shaba ukinzani ni kama omu 84, 134, 213 na 339 kwa mpangilio huo.

Tufanye hesabu ya MDR-7506 na kebo ya mita tatu ya AWG 28. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita sita, omu 1.28. Sauti inapungua chini ya desibeli 0.2, nawe unairudisha kwa kugusa kitufe cha sauti. Hata AWG 30 ingepunguza chini ya 0.3 tu. Maana yake ni kwamba kwa hedifoni za kawaida unene wa waya si jambo la kulipia fedha nyingi. Chukua AWG 26 au 28. Nyaya nne za AWG 24 katika kebo moja ni mzigo kichwani na faida yake hutaisikia.

Tahadhari moja ni kwa zile ndogo za ndani ya sikio zenye omu 16 au chini yake, hasa zenye spika kadhaa kila upande. Ukinzani wao hubadilika sana kati ya besi na sauti kali, na kebo nyembamba ndefu inaweza kubadilisha uwiano huo. Hizo zipe AWG 26 na kebo fupi.

Muuzaji akikuambia kebo fulani inapoteza sauti za juu kwa sababu ya kapasitansi (uwezo wa kebo kuhifadhi chaji ya umeme), mwambie hesabu: kebo ya kawaida ina kama pikofaradi 100 kwa mita. Mita tatu kwenye kipaza chenye omu 10 hukata sauti kuanzia kama megahezi 50. Sikio la binadamu linaishia kwenye kilohezi 20.

Hatua ya 5: Ulaini, ambao ndio uhai wa kebo

Hapa tumia muda wako mwingi.

Waya wa AWG 28 unaweza kutengenezwa kwa nyuzi 7 za milimita 0.127 au nyuzi 16 za milimita 0.08. Shaba ni karibu ileile, ukinzani ni karibu uleule. Lakini unapoukunja, uzi mnene hunyooshwa zaidi upande wa nje wa kunjo kuliko uzi mwembamba, na shaba inayonyooshwa mara nyingi huwa ngumu na kupasuka. Waya wa nyuzi nyingi nyembamba utaishi mara nyingi zaidi. Omba muuzaji akukatie ncha, uchambue waya mmoja, uhesabu nyuzi. Ukikuta saba, endelea kutafuta. Ukikuta kumi na sita na zaidi, na kila mmoja mwembamba kama unywele, uko mahali pazuri.

Kwa sababu hiyohiyo kebo ya mtandao wa kompyuta ile ya kupitishwa ukutani haifai kabisa. Waya wake ni kipande kimoja kizima cha shaba. Najua ni rahisi kupata na ina nyaya nane zenye rangi nzuri, lakini ikikunjwa mara kwa mara kwenye shingo ya kikombe itakatika mapema.

Ganda la nje lina neno lake. PVC ya bei ya chini huanza laini, kisha joto na jasho huifanya ngumu au ya kunata. PVC laini ya kebo bora hudumu. Silikoni ni laini kuliko zote na haiogopi chuma cha moto, ila huchanika ikipata jeraha dogo na hushika vumbi na nguo. Soksi ya kitambaa juu ya nyaya inapendeza machoni, lakini ikisuguana na shati unasikia kila msuguano ndani ya masikio.

Msuguano huo una kipimo chake cha dukani kisichohitaji kifaa. Shika ncha moja ya kebo uisukumie kwenye mdomo wa sikio, mwenzako apitishe ukucha kwenye ncha ya pili. Kebo ngumu itakuletea kelele zote. Kebo nzuri itakuletea mnong'ono. Kisha chukua kipande cha sentimita 30, kizungushe kidoleni, ukiachie. Kikiruka na kurudi kunyooka, kiache hapohapo. Kinachofaa kinaanguka kinavyotaka na kubaki kimelala.

Je, urudishie kebo ya springi kama ya asili? Kwa mtangazaji anayeinuka na kukaa ni nzuri, haijikusanyi chini ya viti. Kwa mtu anayekaa mezani saa nyingi akichanganya muziki, uzito wake unavuta kikombe cha kushoto muda wote, na ningemshauri kebo nyoofu ya mita moja na nusu au mbili. Usijaribu kuikunja springi mwenyewe kutoka kebo nyoofu. Hailingani na ya kiwandani na inachosha nyuzi kabla ya kuanza kazi.

Hatua ya 6: Madini

Shaba inatosha. Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa kama asilimia 6, na asilimia hizo unazipata kwa kufupisha kebo kidogo.

Lililo muhimu ni kuhakikisha ni shaba kweli, kwa sababu sokoni kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu. Ukinzani wake ni mkubwa zaidi, hukatika haraka zikikunjwa, na ukizilehemu hazishiki vizuri. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiwa wa rangi ya shaba nje na mweupe ndani, ni alumini, usinunue. Ukiwa mweupe nje na rangi ya shaba ndani, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, na ni nzuri, tena hulehemika kwa urahisi. Halafu pitisha sumaku ndogo. Ikivutwa, ndani kuna chuma.

Kuna chanzo ambacho wengi hukipita: hedifoni nyingine iliyokufa spika. Kebo yake tayari ina unene sahihi, ulaini sahihi, na mpira wake wa shingoni, ule unaoilinda kebo inapoingia kwenye kikombe. Nyaya zake mara nyingi huwa na nyuzi zilizopakwa vanishi ya rangi, nyekundu, kijani, buluu, pamoja na uzi wa nailoni katikati wa kuzuia kuvutika. Vanishi hiyo haipitishi umeme, na ndiyo inayowafanya watu waseme waya haushiki lehemu. Kata uzi wa nailoni, weka tone la lehemu kwenye ncha ya chuma kilicho nyuzi joto 380 hadi 400, uzamishe waya humo sekunde chache mpaka rangi iungue na lehemu ishike nyuzi zote. Moshi wake ni mbaya. Fanya dirishani na usiinamie.

Hatua ya 7: Jeki na tundu

Nunua jeki siku ileile na kebo, na uisukume kebo ndani ya mkia wa jeki ukiwa bado dukani. Jeki nyingi za milimita 3.5 zina mkia wa kupitisha kebo ya milimita 4, nyingine 6. Mogami ile ya milimita 4.8 haiingii kwenye ya 4. Ikiwa simu yako ina kava nene, tafuta jeki yenye bega jembamba.

Kwenye kikombe, kebo ipite tundu na bado uweze kuifunga fundo upande wa ndani, au kuibana kwa kibano cha plastiki. Fundo hilo ndilo linalobeba mvuto wote. Pointi za lehemu zisibebe hata kidogo. Kebo nene isiyofungika fundo itakulazimisha kutoboa kikombe, na hapo ningebadilisha kebo badala ya kikombe. Usisahau mpira wa shingoni: kama wa zamani ni mzima, uchomoe kwa uangalifu uutumie tena.

Urefu: pima kutoka sikio hadi kifaa ukiwa umekaa unavyokaa, ongeza sentimita 20 za fundo na za kurekebisha ncha iliyoharibika.

Hatua ya 8: Kulehemu na kujaribu

Pitisha kebo kwenye mpira wa shingoni, tundu la kikombe na ganda la jeki kabla ya kulehemu chochote. Tumia lehemu ya bati na risasi ya 63/37 inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 183, chuma kikiwa kama 350. Paka lehemu ncha ya waya kwanza, kisha pointi, halafu viunganishe. Kwenye spika yenyewe usikae zaidi ya sekunde mbili au tatu. Plastiki inayeyuka, na nyaya zinazotoka kwenye koili ni nyembamba kuliko unywele. Palipo na kibati cha kuunganishia, lehemu hapo na uiache spika kama ilivyo.

Chanya na hasi zilingane pande zote mbili. Ukiigeuza spika moja, besi inapotea na sauti ya mtangazaji inatawanyika badala ya kusimama katikati ya kichwa. Kwa hiyo jaribu kwa mtu anayezungumza, taarifa ya habari inatosha, kabla ya muziki. Kisha rudisha mita kwenye jeki, ikunje kebo penye jeki na penye kikombe kwa nguvu ya matumizi ya kawaida, uangalie namba. Isipotikisika, rudisha skrubu na mto wa sikio.